Miguu Iliyokataa Kukunjamana

Usiniamini haraka. Nakuambia mapema, kwa sababu hata mimi mtu akiniambia anaumwa kitu kisichoonekana, jambo la kwanza ni kumnusa kama ana harufu ya kitunguu.

Kitunguu nakijua vizuri. Nikiwa kidato cha pili nilibana nusu kitunguu kwapani kipindi kizima cha Hisabati, kipimajoto cha matroni kikasoma homa, nikalala kwenye godoro la wagonjwa nikila biskuti zake. Nimewahi pia kuchechemea wiki nzima ili nikwepe mchakamchaka, mpaka siku ya tano nikasahau mguu ulikuwa upi, nikachechemea ule mwingine. Jina langu ni Twaha, lakini shuleni hata orodha ya zamu ya kufagia imeandikwa Sinema.

Sasa niko kidato cha nne na miguu imetulia kiasi cha kuvumilia soksi. Naandika kwa ajili ya mtu yeyote ambaye miguu inamuwaka moto huku vipimo vinasema ni mzima. Mimi nilikuwa na shida ya ziada. Ugonjwa wangu ulimpata mtu ambaye hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwamini.

Ulianza masika ya mwaka jana, tukiwa mstarini asubuhi. Vidole vya miguu viliwaka kana kwamba nimekanyaga pilipili iliyotwangwa. Nilijua mara moja ni nini: upupu. Kuna mtu kanitilia upupu kwenye soksi. Nilijua kwa sababu ndicho kitu ambacho mimi ningefanya. Nikamshuku jirani yangu wa dawati, nikabadilisha soksi zangu na zake wakati wa michezo. Yeye alizivaa mpaka jioni, hakujikuna hata mara moja. Mimi niliwaka ndani ya zake vilevile.

Baada ya wiki mbili moto ulifika kwenye vifundo. Shuka likinigusa vidole naruka. Sakafu ya sementi ndiyo ikawa rafiki yangu, nikawa natandika kanga ya Mama chini, miguu naiacha nje ya kanga. Siku moja niliingiza mguu kwenye ndoo ya maji ya kuoga ya Baba. Mama akapiga kelele kwamba maji yametoka jikoni sasa hivi. Mimi nilihisi vuguvugu tu. Nikamwangalia usoni nikidhani ananitania, mpaka nilipoona ngozi imekuwa nyekundu.

Na kitu kingine ambacho hakuna aliyekijali: viatu vyangu viliacha kunuka. Viatu ambavyo vilikuwa vinafungulisha madirisha darasani. Miguu ilikuwa imekauka, haitoi jasho hata saa nane mchana. Mama alimshukuru Mungu kwa hilo. Kumbe ilikuwa dalili.

Tunakaa Kongowe, Kibaha. Mama ni fundi cherehani, Baba ni fundi ujenzi. Mama alifunga cherehani yake siku nne kunipeleka hospitali, na nikajifunza kukaa kwenye mabenchi. Kwenye benchi la hospitali kila mtu anamshuku mwenzake. Ukisinzia wanasema umeruka foleni. Ukiwa kijana na huna bandeji, mama mwenye mtoto mgongoni anakuangalia mpaka unasimama, na mimi kusimama ndiko kulikokuwa kunaniua. Nikapimwa sukari, damu, ini, figo, na kile kipimo ambacho mzazi anaombwa abaki nje. Vyote safi. Tukatumwa mjini kwa kipimo cha mishipa ya fahamu. Wakanibandika waya miguuni, umeme ukapita, mguu ukarusha teke wenyewe kama chura. Nikafurahi. Nikasema leo mashine imeniona.

Kijana aliyesoma majibu alimgeukia Mama na kuongea kwa upole mwingi. Upole wa watu wa hospitali siuamini.

"Mama, mishipa yake ni mizima kabisa. Shuleni ana msongo wowote? Mitihani?"

Mama akanigeukia taratibu. Mtazamo ule naujua. Ni wa siku alipokuta kitunguu kwenye mfuko wa shati la shule.

Baba hakunigombeza. Alikaa kwenye kigoda akatoa sementi kwenye kucha zake, akasema, "Twaha, nimewahi kujenga ukuta ukaanguka. Sijawahi kujenga ukuta ambao haupo. Wewe fundi zaidi yangu."

Shuleni mwalimu wa nidhamu alitaka barua ya daktari ndipo nivae kandambili. Hakuna daktari wa kuandika barua ya mtu mzima wa afya. Nikavaa viatu vya kufunika. Darasa likawa linanipigia makofi nikichechemea, wakisema safari hii naigiza vizuri kuliko zote.

Likizo ya mwezi wa sita nikapelekwa kwa Bibi, mama yake Baba, huko Mzenga, Kisarawe. Waliniambia nikapumzike. Nilishuku wanataka kupumzika wao.

Bibi aliniona nashuka kwenye bodaboda nikikanyaga kwa visigino. "Mume wangu," akasema, "nani amekufanya hivi?"

"Hakuna mtu, Bibi. Inawaka tu."

"Miguu haiwaki tu. Desemba ulikuwa hapa unaruka kama ndama. Umekanyaga kitu."

Kama hukukulia kwetu, nikueleze. Mtu akikutakia mabaya anafukia kitu njiani, wewe unapita juu yake, na ugonjwa unaanzia miguuni. Bibi hakuhitaji mganga. Alimwita Zuberi, mtoto wa baba mkubwa ambaye tunalingana umri, akampa jembe, akamwambia achimbe njia inayotoka uani kwenda bombani. Zuberi hakuhangaika huku na huku. Alikwenda moja kwa moja kwenye kisiki cha mkorosho, akapiga jembe mara tatu, akatoa kifurushi cha kitambaa chekundu kilichofungwa kwa uzi na nywele ndefu za mkia wa ng'ombe.

Bibi alikaa chini. Akina mama waliokuwa wanapita na ndoo wakazitua. Kisha wote, bila kuambizana, wakaangalia upande wa pili wa njia, kwa Mama Luhende.

Mama Luhende ni jirani. Yeye na mume wake walikuja na ng'ombe kutoka Kaskazini, mimi nikiwa mdogo. Ndiye aliyekuwa anamletea Bibi maziwa kila asubuhi na Bibi anamrudishia chombo kikiwa na mihogo. Na ndiye mwenye ng'ombe karibu na njia ile.

Mimi nilikuwa nimesimama naangalia kile kitambaa. Nilikijua. Ilikuwa bukta yangu ya michezo ya shule ya msingi. Likizo ya Desemba niliikata, nikaokota nywele za mkia kwenye uzio, nikatengeneza kifurushi nikakifukia nusu ili Zuberi akione akienda kuchota maji, apige kelele, nimcheke. Zuberi hakupiga kelele, nikadhani hakukiona, nikakisahau. Kumbe alikiona siku ileile na akawa anakizunguka kwa miezi sita.

Ningesema palepale. Sikusema, na nitakuambia kwa nini. Bibi alinishika uso kwa mikono miwili akasema, "Pole, mume wangu. Walikuwa wanasema unadanganya." Tangu masika hakuna aliyeniambia pole bila kunichunguza kwanza. Jioni Mama akapiga simu akilia, akiniomba msamaha kwamba alinidhania vibaya. Ijumaa Baba akaja kwa pikipiki na makubazi mapya ya wazi, ya ngozi laini, akapiga magoti kunivalisha mwenyewe. Baba yangu, ambaye hata kwenye ndoa yake alikwenda na buti za saiti.

Nikanyamaza. Na kila nilivyonyamaza, mambo yalikwenda upande wa pili wa njia. Maziwa ya Mama Luhende yalirudi nyumbani kwake yakiwa yamejaa. Akifika bombani, wenzake wanaondoa ndoo hata kama hazijajaa. Alikuja mpaka kwenye uzio, akasimama huko nje.

"Mama, mimi nimekukosea nini?"

Bibi aliwarushia kuku mchele. "Kaulize ng'ombe wako," akawajibu kuku.

Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha kikao Jumamosi, kwenye darasa la shule ya msingi. Ilivyosemwa ni kwamba ajadiliwe. Ilivyoeleweka ni kwamba afungashe, na ng'ombe wake.

Usiku wa kuamkia kikao sitausimulia. Nilipiga hesabu moja tu, na Hisabati mnajua kiwango changu. Nikisema kifurushi ni changu, miguu yangu inarudi kuwa sinema. Msamaha wa Mama, makubazi, pole ya Bibi, vyote kwisha. Nisiposema, yule mama anaondoka.

Tukakaa kwenye madawati ya darasa la tatu, watu wazima magoti yamewafika kidevuni. Mama Luhende alikaa peke yake mbele, mume wake akiwa malishoni. Kifurushi kilikuwa juu ya meza, hakuna aliyetaka kukifungua. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, nikasimama.

"Msikifungue kwanza. Ndani kuna kizibo cha soda, gololi ya kijani iliyovunjika, na karatasi ya mtihani wa Hisabati. Ina alama sita kati ya mia. Jina ni langu."

Mwenyekiti akatafuta kalamu, akafungua uzi kwa ncha ya kalamu kana kwamba ndani kuna nyoka. Kizibo kikadondoka. Gololi ikabingirika mpaka kwa Bibi. Karatasi akaikunjua, akaisoma kwa sauti, akafika kwenye alama, akasita.

"Ni sita kweli," akasema.

Walicheka. Si wote. Mama Luhende hakucheka, Bibi hakucheka, na Baba alikuwa anaangalia makubazi yangu.

"Na miguu?" Baba akauliza.

"Miguu ni kweli, Baba."

Hapo ndipo walipocheka hata waliokuwa wamejizuia.

Nje Baba alisema maneno machache. Jumatatu narudi naye Kibaha, na shule ikifunguliwa ni viatu vya kufunika. Bibi aliongeza yake. Alivuka njia mwenyewe, akamshika Mama Luhende mikono, wakaongea muda mrefu bila mimi kuwasikia, kisha akarudi na hukumu. Jumapili nzima nitaosha vyombo vya maziwa kwa Mama Luhende. "Na usiniite mke wako mpaka nikuambie," akasema.

Jumapili asubuhi Mama Luhende alinipokea kama mtu anavyompokea kicheche kwenye banda la kuku. Nilimwamkia, akaitikia marahaba akiwa anahesabu madumu. Nikamwomba msamaha, nikiwa nimeuandaa usiku. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umesema vizuri," akasema. "Mtu anayesema vizuri hivyo namwogopa. Maji ya moto yale, sabuni ile."

Tukaosha. Yeye anasugua, mimi nasuuza, maji vuguvugu kwenye beseni kubwa. Kufika saa nne miguu inawaka sana. Alipoingia ndani kuchukua kitambaa nikaitumbukiza kwenye beseni la maji yaliyokwisha kazi, nikaiacha humo, nikaendelea kusuuza nimekaa. Aliporudi aliangalia beseni, akaangalia miguu yangu. Alisugua madumu matatu au manne zaidi, nami nikadhani ananipangia adhabu nyingine.

"Toa miguu."

Nikatoa. Akaishika vidole, akaigeuza nyayo juu kama anakagua kwato. Kisha akaweka kiganja chake pembeni. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana, vyeupe, kama vya mtu yeyote aliyefua asubuhi nzima. Nyayo zangu zilikuwa laini tupu, kama sahani.

"Umepaka mafuta," akasema.

"Sijapaka."

"Sikuulizi."

Akachukua jivu na sabuni akanisugua miguu mpaka vifundoni. Nilitoa machozi, na yeye alikuwa anayaangalia machozi hayo kwa makini, kama anayapima uzito. Akajaza maji mapya. Akamwita Zuberi aliyekuwa uzioni akichungulia, akamsugua na yeye. Akaosha miguu yake mwenyewe. Tukakaa watatu, jozi tatu za miguu kwenye beseni moja, yeye ameshika simu anaangalia saa, na kila nikitaka kusogea ananikanyaga kidole. Nusu saa nzima. Zuberi aliniuliza mara mbili kama huu ni mchezo wangu tena.

Tukatoa. Miguu ya Zuberi ilikuwa imekunjamana kama ya mzee. Ya Mama Luhende hivyohivyo. Yangu, laini.

Aliiangalia kwa muda. "Wewe ni mwongo," akasema. "Lakini ngozi hukuifundisha wewe."

Akabeba beseni kichwani, akavuka njia, akaingia uani kwa Bibi mara ya kwanza tangu kifurushi kifukuliwe, akalitua mbele ya Baba aliyekuwa anakunywa chai. "Baba Twaha, vua buti."

Baba aliangalia beseni, akaniangalia mimi. Nilijua anachotafuta: waya uko wapi, kitunguu kiko wapi. Kisha akavua. Miguu ya fundi ujenzi, iliyopasuka visigino, ilikunjamana kama ya watu wote. Yangu ilikaa pembeni yake, haijabadilika. Hakuniomba msamaha. Alimwambia Bibi, "Jumatatu hatuendi Kibaha. Tunapitiliza mjini."

Daktari wa safari hii alikuwa mama mwenye miwani ambaye hakuwa na upole hata kidogo, nikamwamini kiasi. Mama, aliyetukuta huko, alimweleza habari ya beseni kwa aibu, akidhani tutafukuzwa. Daktari aliacha kuandika. Akaagiza maji ya vuguvugu. Akaniloweka mikono na miguu, nesi akaloweka yake, na saa ikawekwa mezani. Kisha akanifumbisha macho akanigusa kwa sindano na kijiko cha baridi, kuanzia vidoleni kupanda juu. Niseme nikihisi ncha, niseme nikihisi baridi. Mara nyingine alikuwa hanigusi kabisa, ananitega nione kama nitasema nahisi. Nikatambua kwamba nimekutana na mtu wa fani yangu.

"Vidoleni hujui baridi wala ncha," akasema nilipofumbua. "Gotini unajua. Mashine ya umeme inasoma mishipa minene, na yako minene ni mizima. Kuna nyuzi nyembamba sana kwenye ngozi, za moto, baridi, maumivu, jasho. Ndizo pia zinazokunja ngozi majini, na miguuni kwako hazikuikunja. Hizo ndizo nadhani zinaumwa. Kuna njia ya kuhakikisha."

Njia yenyewe ni kukata kipande cha ngozi kidogo kuliko punje ya dengu, kimoja juu ya kifundo, kimoja pajani, baada ya ganzi. Vikapelekwa nje ya nchi kuhesabiwa nyuzi. Mama alishuku kwamba havitarudi. Mimi nilishuku kwamba vitarudi vikisema ni mzima.

Tulisubiri kuanzia kiangazi mpaka vuli ilipoanza kunyesha. Katika kusubiri huko Mama alinikatia soksi vidole na kuzishonea pamba laini. Baba akawa anaosha miguu yake jioni kwenye beseni lilelile na mimi, bila kusema lolote. Ukitaka kujua kama nyumbani wanakuamini, usisikilize wanachosema. Angalia nani anakaa na wewe kwenye maji.

Majibu yakasema nyuzi za kifundoni ni chache mno kwa umri wangu, za pajani ziko karibu na sawa. Ugonjwa wa nyuzi ndogo za fahamu. Chanzo hawakukiona. Daktari alisema kwa watu wengi hakionekani. Jibu hilo silipendi na bado nalichunguza. Nilipewa kidonge kimoja cha jioni kinachokausha mdomo, na nikakatazwa kuloweka miguu siku nzima, ngozi isije ikachubuka nisijue. Kila jioni nakagua nyayo kwa kioo, kwa kuwa naweza kukanyaga msumari nisipate habari. Moto haujaisha. Umerudi nyuma, kutoka kifundoni mpaka vidoleni, na kuna siku nausahau kwa saa mbili nzima. Barua ya daktari mwalimu wa nidhamu aliisoma, akaigeuza nyuma, akaishika juu ya mwanga. Namwelewa.

Kama miguu yako inawaka na karatasi zinasema u mzima, waulize madaktari karatasi zimepima mishipa ipi. Jiulize kama miguu imeacha kutoka jasho. Loweka miguu nusu saa, maji yawe ya vuguvugu, na mtu mwingine ayapime kwa mkono wake, usijipimie wewe. Kaa naye hapohapo. Na kama huko nyuma umewahi kubana kitunguu, jiandae. Hutaaminiwa na anayekupenda kwanza. Mimi wa kwanza alikuwa yule mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kutoniamini, na hakuniamini. Alinisugua kwa jivu.

Likizo ya Desemba nilirudi Mzenga. Bibi ameanza tena kuniita mume wake, kwa masharti. Mama Luhende alikuwa anaosha madumu. Nikamwamkia, nikamwambia naendelea vizuri, nina dawa, nina barua yenye muhuri. Nikaitoa nimwonyeshe.

Hakuishika. Alisogeza kigoda kwa mguu, akavuta beseni, akatazama saa kwenye simu.

"Kaa," akasema.

Nikakaa, nikavua makubazi. Na yeye akavua kandambili.